Sura ya Sita: Nyuzi Nyingi, Jedwali Moja

Usiku wa kuamkia 26 Agosti 2012 ulikuwa usiku wa sensa, na kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku huo. Katika Mkoa wa Mara, makarani waliingia mitaani na vijijini, Musoma, Bunda na Butiama kwa wakati mmoja, kila mmoja na eneo lake la kuhesabia. Karani wa Butiama hakuwa na haja ya kujua mwenzake wa Bunda amefika kaya ya ngapi. Madodoso yalipokusanywa na kujumlishwa, Manispaa ya Musoma ilikutwa na watu 134,327, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma 178,356, Bunda 335,061 na Butiama 241,732. Ukijumlisha unapata 889,476, zaidi kidogo ya nusu ya watu 1,743,830 wa mkoa mzima.

Sura hii inahusu kompaila, ila namba hizo tutazihitaji. Sensa ni kazi inayofanywa na watu wengi kwa mara moja, na mwisho wake lazima litoke jibu moja lisilogombana. Kompaila ya kisasa iko katika hali hiyo hiyo: inasoma mafaili mengi sambamba, kisha inatoa programu moja. Kugawa kazi ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu wote uko pale wagawanaji wanapokutana, na sura hii inazifuata sehemu hizo za kukutana moja baada ya nyingine.

Mafaili manne

Tuandike programu ndogo kwa lugha ya Go. Kila wilaya tuipe faili lake, na la nne liwe la kujumlisha. Mstari wa juu wa kila faili, ule unaotaja pakeji (kundi la mafaili yanayokompailiwa pamoja), nimeuacha.

musoma.go
    const MusomaManispaa = 134327
    const MusomaWilaya = 178356

bunda.go
    const Bunda = 335061

butiama.go
    const Butiama = 241732

jumla.go
    const Jumla = MusomaManispaa + MusomaWilaya + Bunda + Butiama

Mistari mitano haihitaji mafaili manne, hilo liko wazi. Lakini mfumo wa benki au wa hospitali huwa na mamia au maelfu ya mafaili, na yanayotokea humo ndiyo yatakayotokea hapa.

Kazi ya kompaila ni kugeuza maandishi haya kuwa maagizo ambayo kichakataji kinaweza kuyatekeleza. Grace Hopper alitengeneza mfumo wake wa A-0 nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 John Backus na wenzake wa IBM wakatoa kompaila ya FORTRAN. Mashine za wakati huo zilikuwa na kichakataji kimoja, kwa hiyo kompaila ilisoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, faili hili likiisha ndipo lije lile. Mtindo huo ulidumu karibu nusu karne. Mnamo 2005 kompyuta za mezani zenye viini viwili, yaani sehemu mbili za kutekeleza maagizo kwa pamoja, zikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Leo simu janja nyingi madukani zina viini vinane. Kompaila inayotumia kiini kimoja ndani ya mashine ya viini vinane inaviacha saba vikae bure huku mwandishi wa programu akisubiri.

Njia ya kuvitumia vyote ni nyuzi. Uzi ni mfululizo wa maagizo unaojiendesha wenyewe sambamba na mifululizo mingine, ilhali yote inatumia kumbukumbu moja. Neno la kuzingatia hapo ni kumbukumbu moja. Humo ndimo nyuzi hupashana habari bila gharama kubwa, na humo humo ndimo huharibiana kazi.

Kusoma bila kuulizana

Hatua ya kwanza ni kuzikata herufi kuwa tokeni. Katika bunda.go, const ni tokeni, jina Bunda ni tokeni, alama ya sawasawa ni tokeni, na 335061 ni tokeni. Hatua ya pili ni uchanganuzi: kuzipanga tokeni kuwa mti wa sintaksia unaoonyesha nini kinategemea nini. Mti wa jumla.go una alama tatu za kujumlisha, na chini yake yananing'inia majina manne.

Uzi unaochanganua jumla.go hauhitaji kujua Butiama ni ngapi. Hauhitaji hata kujua kama Butiama ipo. Unachoandika ni kwamba katika mstari fulani, safu fulani, limetajwa jina Butiama, kisha unaendelea. Kwa sababu hiyo mafaili yote manne yanaweza kusomwa kwa wakati mmoja, kila moja na uzi wake, bila uzi wowote kumuuliza mwenzake swali.

Uhuru huo haukuja wenyewe. Waliobuni lugha waliutafuta. Chukua lugha ya C, ukutane na mstari huu:

    Bunda * Butiama;

Ikiwa Bunda ni namba, hapo pana kuzidisha. Ikiwa Bunda ni jina la aina ya data lililotangazwa juu, mstari huo huo unatangaza kigezo kipya kiitwacho Butiama, kinachoshika anwani ya kitu cha aina ya Bunda. Sintaksia peke yake haiwezi kuamua; lazima mchanganuzi akaulize jedwali la majina, na jedwali hilo lazima liwe tayari limejazwa na yote yaliyotangulia. Kwa hiyo faili la C husomwa kwa kuburuta nyuma yake kila tangazo linalolihusu. Waliobuni Go, yaani Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, walioanza kazi Google mwaka 2007, waliipanga sarufi yake ili faili lichanganuliwe bila kulihitaji jedwali la majina kabisa. Ukitaka watu wafanye kazi sambamba, maswali ya kuulizana uyaondoe kabla kazi haijaanza.

Hata hivyo uhuru una mpaka wake. Pakeji ikiwa na mafaili elfu moja, kuyafungua yote kwa pamoja kunaweza kuumaliza mgao wa mafaili ambao mfumo endeshi unauruhusu. Kompaila ya Go inaweka semafo: hesabu ya nafasi ambazo uzi lazima uchukue moja kabla ya kufungua faili na kuirudisha ukimaliza. Idadi ya nafasi ni idadi ya viini vinavyotumika, jumlisha kumi. Kwenye mashine ya viini vinane mafaili kumi na manane yanaweza kuwa wazi kwa mara moja, na la kumi na tisa linangoja mlangoni. Chombo hiki tumekirithi kwa Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyekibuni miaka ya 1960 na kukipa jina la ishara za reli, zile zinazoinuka na kushuka ili treni mbili zisiingie kipande kimoja cha njia.

Nani amalize kwanza

Katika nyuzi nne, nani atamaliza wa kwanza? Hakuna anayejua. Faili la butiama.go ni fupi, lakini mfumo endeshi unaweza kuusimamisha uzi wake katikati ili upishe kazi nyingine. Ukiiendesha kompaila mara mbili, mpangilio wa kumaliza unaweza kuwa tofauti mara zote mbili.

Hapo ndipo mahali pa kwanza pa kukutana, na shida yake ni ndogo kwa macho ila ni kubwa kwa matokeo. Tuseme kuna kosa la tahajia katika bunda.go na jingine katika musoma.go. Kama kila uzi ungechapisha kosa lake papo hapo, leo ungeliona la Musoma likitangulia na kesho la Bunda. Mwandishi wa programu angeshindwa kujua kama kosa alilorekebisha limeisha au limehama nafasi tu.

Kompaila ya Go inatatua hivi. Kila faili linapewa mfereji wake wa kupitishia makosa. Uzi unaosoma faili unayatumbukiza makosa humo, na ukimaliza unaufunga mfereji. Uzi mkuu unaisikiliza mifereji kwa mpangilio wa orodha ya mafaili, ambao kwa mfano wetu ni wa alfabeti: bunda.go, butiama.go, jumla.go, musoma.go. Hata uzi wa musoma.go ukikuta kosa mapema, kosa hilo linasubiri kwenye mfereji mpaka zamu yake ifike. Kufungwa kwa mfereji ndiyo taarifa kwamba faili limesomwa lote. Kazi imefanyika bila mpangilio, taarifa imetoka kwa mpangilio.

Jambo hili linavuka adabu ya kuchapisha makosa. Chanzo kile kile lazima kitoe programu ile ile, baiti kwa baiti, iwe kimekompailiwa Musoma au Toronto, kwa viini viwili au sitini. Bila hivyo huwezi kuthibitisha kwamba programu unayopakua imetokana kweli na chanzo kilichotangazwa na haikuchomekewa kitu njiani. Toleo la Go 1.21 la mwaka 2023 lilifikisha vifaa vya lugha yenyewe katika kiwango hicho: yeyote anaweza kuvijenga upya kwenye mashine yake na kulinganisha. Kompaila ya nyuzi nyingi inayoruhusu bahati ya nani kamaliza kwanza ivuje hadi kwenye matokeo haifai, hata ikiwa na kasi ya radi.

Pale majina yanapokutana

Sasa tuna miti minne iliyokamilika. Tuseme mwandishi wa bunda.go aliiita namba yake Idadi, na mwandishi wa butiama.go, bila kujua, naye akaiita yake Idadi. Kila faili ni sahihi ukilitazama peke yake. Kosa liko kati ya mafaili mawili, wala hakuna uzi wa kusoma ambao ungeweza kuliona, kwa sababu hakuna uliosoma yote mawili.

Wakazi wa Mara wanayajua matatizo haya bila kompyuta. Musoma ni manispaa, na Musoma ni halmashauri ya wilaya; ukisema "takwimu za Musoma" lazima uulizwe ipi. Bunda ilihesabiwa pamoja mwaka 2012, lakini baadaye ikawa na halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya. Butiama iliingia katika sensa ile kwa jina lake, ilhali eneo lake lilimegwa kutoka Musoma Vijijini. Anayelinganisha majedwali ya miaka tofauti kwa kufuata jina tupu, bila kuangalia mipaka, atawahesabu watu mara mbili au atawapoteza kabisa. Dawa ni jina kamili, linalotaja kitu na mahali kilipo. Ndiyo maana katika faili letu tuliandika MusomaManispaa na MusomaWilaya.

Hivyo hatua ya tatu inakuwa jedwali la majina: orodha moja ya kila jina lililotangazwa, aina yake na mahali lilipotangazwa. Kwa pakeji moja, kompaila ya Go inaliachia jedwali hili uzi mmoja. Kwanza unapita miti yote na kuyakusanya majina bila kuuliza thamani. Hapo ndipo Idadi mbili zinagongana na kosa linatangazwa. Kisha unarudi kutatua. Ukikutana na Jumla, unagundua inategemea majina manne, unayatatua hayo kwanza, halafu unarudi kwenye Jumla. Ndiyo maana katika Go unaweza kulitumia jina katika faili la kwanza na kulitangaza katika la mwisho.

Katika kutatua huko kila jina linapewa rangi: jeupe ambalo halijaguswa, la kijivu ambalo linatatuliwa sasa, jeusi lililokwisha. Tuseme mtu ameandika kwamba Bunda ni Butiama jumlisha moja, na Butiama ni Bunda toa moja. Uzi unaanza na Bunda, unaipaka kijivu, unakwenda Butiama, unaipaka kijivu, unarudishwa Bunda na kuikuta bado ya kijivu. Huo ni mzunguko, na kompaila inausema wazi na kugoma. Bila rangi, ingezunguka mpaka kumbukumbu iishe.

Kuna, hakuna, bado

Msomaji atauliza: kwa nini hatua hii iachiwe uzi mmoja wakati tuna viini vinane? Swali hilo lilichunguzwa kwa kina katika Chuo Kikuu cha Toronto na David Wortman na wenzake. Mwaka 1988 Seshadri na Wortman pamoja na wenzao walichapisha uchambuzi wa kompaila ambayo nyuzi zake zinajaza jedwali la majina na kulitumia kwa wakati mmoja. Mwaka 1992 Wortman na Junkin wakaeleza kompaila kamili ya namna hiyo kwa lugha ya Modula-2+, iliyoendeshwa kwenye Firefly, mashine ya vichakataji vingi ya kampuni ya Digital.

Kiini cha walichokikuta ni hiki. Katika kompaila ya kawaida, ukiuliza jedwali kuhusu jina fulani unapata jibu moja kati ya mawili: lipo, au halipo. Nyuzi zikiwa nyingi linazuka jibu la tatu: halijajulikana bado. Uzi wa jumla.go unauliza Butiama, na uzi wa butiama.go haujafika mstari ule. Kujibu "halipo" ni uongo, na uongo wenyewe ni wa hatari. Katika lugha zenye majina ya ndani na ya nje, jina lisipopatikana ndani ya fungu dogo kompaila hupanda kulitafuta katika fungu kubwa linalolizunguka. Ikidanganywa kwamba Bunda ya ndani haipo, itapanda na kuikuta Bunda nyingine ya nje, itaichukua, na haitatoa kosa lolote. Programu itatoka, itaendeshwa, na namba zake zitakuwa za mahali pengine.

Watafiti wale walizitaja njia nne za kuishi na jibu hilo. Ya kwanza ni kuliepuka: panga kazi ili fungu la nje likamilike kabla ya la ndani kuanza. Ya pili ni ya mwenye hofu: jedwali likiwa halijakamilika, simama, usitafute chochote humo. Ya tatu ni ya mwenye shaka: tafuta hata katika jedwali lisilokamilika, ukilipata jina endelea, usipolipata ndipo usubiri jedwali likamilike. Ya nne ni ya mwenye matumaini: subiri jina hilo moja tu, na uamshwe mara litakapoandikwa.

Njia ya mwenye hofu ni nyepesi kuijenga lakini nyuzi zinalala usingizi mrefu. Ya mwenye matumaini inaupunguza usingizi huo, ila inadai kengele kwa kila jina, na kengele nazo zina gharama. Ya mwenye shaka iko katikati: majina mengi yanayoulizwa huwa yamekwisha kuandikwa, hivyo kusubiri kunakuwa kwa nadra. Biashara nzima ya nyuzi ni ya namna hiyo. Unanunua muda kwa kulipa ugumu, na wakati mwingine ugumu unagharimu zaidi ya muda uliopatikana.

Mbio, kufuli na mkwamo

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Nyuzi mbili zikiandika mahali pamoja katika kumbukumbu, hiki ndicho kinachoweza kutokea. Tuseme kuna kisanduku cha jumla chenye sifuri. Uzi wa Bunda unasoma sifuri. Kabla haujaandika, uzi wa Butiama nao unasoma sifuri. Wa kwanza unajumlisha na kuandika 335,061. Wa pili unajumlisha kwenye sifuri uliyoisoma na kuandika 241,732 juu yake. Watu wote wa Bunda wametoweka, na hakuna uzi uliokosea hesabu yake.

Ubaya wa mbio za namna hii ni kwamba hazitokei kila mara. Programu itapita majaribio mara mia na kuharibika siku ya kazi yenyewe. Dawa ya kawaida ni kufuli: uzi unaotaka kuandika unashika kufuli, unasoma, unajumlisha, unaandika, ndipo unaliachia. Lakini kufuli lina madhara mawili. La kwanza ni foleni. Nyuzi nane zinazogombea kufuli moja zinatembea kama uzi mmoja, tena polepole zaidi kwa sababu ya kugombea. La pili ni mkwamo: uzi wa kwanza umeshika kufuli A na unangoja B, wa pili umeshika B na unangoja A, na zote mbili zitangoja milele. Kanuni ya kuukwepa ni kwamba nyuzi zote zichukue makufuli kwa mpangilio mmoja uliokubaliwa.

Waandaaji wa kompaila ya lugha ya Rust wanayajua haya. Hatua yake ya mwisho, ya kuzalisha maagizo ya mashine, imekuwa ikigawanywa kwa nyuzi nyingi kwa miaka. Sehemu ya mbele, inayochanganua na kukagua, ilibaki ya uzi mmoja kwa muda mrefu. Mnamo Novemba 2023 walitangaza toleo la majaribio linaloigawa nayo.

Njia nzuri kuliko kufuli ni kutolihitaji. Kila uzi uwe na jedwali lake dogo unaloliandika peke yake, kisha uzi mmoja uyaunganishe yote mwishoni. Makarani wa sensa hawakuandika wote katika daftari moja. Kila mmoja alikuwa na madodoso yake, na jumla ilifanyika ngazi ya juu. Mipaka ya maeneo ya kuhesabia ilikuwa imechorwa kabla, na kaya iliyo ndani ya eneo moja haikuwa ndani ya jingine. Panapokuwa na mipaka safi kufuli halina kazi.

Wazito watangulie

Majina yakishatatuliwa, kompaila inarudi kwenye kazi inayogawika: kuzalisha maagizo kwa kila fankisheni, yaani kila kipande cha programu chenye jina na kazi yake. Fankisheni moja haihitaji kujua mwili wa nyingine ulivyogeuzwa, hivyo zinaweza kushughulikiwa sambamba. Go ilianza kufanya hivyo katika toleo la 1.9, Agosti 2017, juu ya mazoea ya zamani ya kukompaili pakeji tofauti kwa pamoja.

Hapa kuna ujanja mdogo wenye faida kubwa. Kompaila ya Go inazipanga fankisheni kwa urefu na kuanza na ndefu kuliko zote. Ukianza na fupi, mwishoni itabaki moja ndefu inayoshughulikiwa na kiini kimoja huku saba vikitazama. Ukianza na ndefu, zile fupi zinajaza mapengo na viini vyote vinamaliza karibu pamoja. Na pale kompaila yenyewe inapojengwa na kifaa cha kugundua mbio, mpangilio huo unavurugwa kwa makusudi, ili nyuzi zenye mbio zilizojificha zigongane na kuonekana wakati wa majaribio.

Mpaka kati ya pakeji

Tumekaa ndani ya pakeji moja. Juu yake kuna ngazi nyingine: pakeji zinazotegemeana. Mwaka 1976 Stuart Feldman wa Bell Labs aliandika programu iitwayo make, inayosoma orodha ya nani anamtegemea nani na kujenga yale tu yaliyobadilika. Matoleo yake ya baadaye yaliongezewa uwezo wa kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja: chochote kisichongoja kingine kinaanza mara moja.

Katika C na C++ kazi hizo hazizungumzi kabisa. Kila faili linakompailiwa peke yake, na majina yanakutanishwa mwishoni na kiunganishi. Ni sambamba safi, lakini bei yake ni kurudia. Kila faili linanakili ndani yake vichwa vya mafaili mengine, na vichwa hivyo vinanakili vingine. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walipima ujenzi wa programu yao moja kubwa ya C++. Mafaili yake, takriban elfu mbili, yalikuwa na jumla ya megabaiti 4.2. Vichwa vilipokwisha kunakiliwa, kompaila ililishwa zaidi ya gigabaiti 8, mara elfu mbili ya kilichoandikwa. Viini vilikuwa kazini vyote, na sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kusoma kitu kile kile tena na tena.

Go ilijibu kwa sheria mbili kali. Pakeji ikishakompailiwa inatoa muhtasari wa majina yake ya nje, na anayeitegemea anausoma muhtasari huo mara moja tu. Pili, pakeji mbili haziruhusiwi kutegemeana kwa mzunguko. Ndani ya pakeji mafaili yanaweza kutajana yatakavyo, kwa kuwa yanatatuliwa pamoja. Kati ya pakeji utegemezi lazima uelekee upande mmoja. Wengi huilalamikia sheria hiyo wanapoanza. Bila hiyo, pakeji mbili zingengojana kama zile nyuzi mbili, kila uzi ukiwa umeshika kufuli ambalo mwenzake analingoja.

Hesabu ya Amdahl

Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza kwa nini kuongeza vichakataji kuna kikomo. Chukua ujenzi unaochukua dakika kumi kwa kiini kimoja: dakika tisa ni za kazi inayogawika, moja ni ya kazi isiyogawika, mfano jedwali la majina na uunganishaji. Kwa viini vinane, zile tisa zinakuwa dakika moja na sekunde nane hivi. Jumla ni dakika mbili na sekunde nane. Umepata kasi ya karibu mara tano, siyo nane. Nunua viini sitini na vinne: jumla inakuwa dakika moja na sekunde nane. Umeongeza vifaa mara nane ukaokoa dakika moja. Nunua viini milioni, ile dakika moja isiyogawika bado ipo.

Kwa hiyo kasi ya kompaila ya nyuzi nyingi huamuliwa kwanza na yule anayepanga mafaili, kabla ya anayenunua mashine. Ukiandika faili moja la mistari elfu hamsini, umeupa uzi mmoja kazi ya kusoma na kuzinyima nyuzi nyingine. Ukiandika pakeji ambayo kila nyingine inaitegemea, umejenga mlango mmoja ambao wote watapanga foleni mbele yake, na kila ukibadilisha mstari ndani yake kila kitu kitajengwa upya. Ukiandika pakeji ndogo zenye majina kamili, zinazotegemeana upande mmoja, mashine ya kawaida ya viini vinne itakuridhisha.

Kabla ya kuomba fedha za kompyuta mpya, chukua karatasi uchore mishale kutoka kila pakeji hadi ile inayoitegemea. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Muda wa mnyororo huo ndio muda mdogo kabisa ambao mradi wako unaweza kujengwa, hata ukipewa viini visivyo na idadi. Ufupishe huo kwanza, ndipo uende dukani.